Do Itatoka kwa Nani Mwalimu Asipofika?

Jumapili moja, katika kigango nilichokulia huko Nyanda za Juu Kusini, mwalimu wa kwaya hakufika. Pikipiki yake ilikuwa imepata pancha, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na simu haikushika. Wanakwaya zaidi ya thelathini walikuwa wamekwishavaa sare na kujipanga mlangoni. Padre yupo, watumishi wameshika mishumaa, waumini wamesimama. Wimbo wa mwanzo tuliujua vizuri, tulikuwa tunauimba tangu Pasaka. Kilichokosekana ni kitu kidogo tu: mtu wa kutoa do, ile sauti ya kuanzia ambayo kila mmoja hupimia yake. Sauti ya kwanza wakawatazama sauti ya tatu, sauti ya tatu wakatazama viatu vyao. Mwishowe katekista akaanzisha wimbo wa kitabuni unaojulikana na kila mtu, akauanzia juu mno, nasi tukaufuata tumekaza shingo mpaka altareni.

Mwalimu yule alikuwa fundi. Alisoma nota kama mtu anayesoma gazeti, alipiga kinanda, alitunga. Ungempeleka chuoni wangempa cheti siku hiyohiyo. Lakini katika miaka yote aliyotufundisha hakuacha mtu hata mmoja kati yetu aliyeweza kutoa do bila yeye. Tangu siku ile nina kipimo changu cha kiongozi wa muziki, kipimo ambacho sijakutana nacho katika mafunzo yoyote: kwaya inaimbaje siku asipokuwepo?

"Kiongozi wa muziki wa jamii" ni jina la kwenye karatasi za miradi. Mtaani tunaye mwalimu wa kwaya, tunaye manju wa ngoma, tunaye ustadhi wa kaswida, tunaye kungwi anayezijua nyimbo za unyago moja baada ya nyingine. Kazi yao inafanana: kuwachukua watu wasio wanamuziki, waliochoka na shughuli za kutwa, wasiolipwa senti, na kuwafanya waimbe kitu kimoja. Muziki wenyewe wengi wao waliufundishwa na mtu. Kazi ya kuwaongoza watu kila mmoja alijiokotea.

Nianze na mwalimu wa kwaya, maana ndiye ninayemjua kwa ndani. Silaha yake kubwa ni solfa, muziki ulioandikwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t zimepangwa kwa mistari, zimetenganishwa kwa nukta na nukta pacha, na juu kushoto pameandikwa "Do = F". Wengi wetu tunaiona solfa kama muziki wa maskini, kitu cha kushikilia mpaka tutakapozijua zile nota za vichwa vyeusi. Asili yake inasema vingine. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alibuni njia ya kufundisha watoto kuimba kwa herufi. Mchungaji John Curwen akaichukua miaka ya 1840 na kuiendeleza. Curwen hakuwa mwanamuziki. Alikuwa ametwikwa kazi ya kutafuta namna ya kuboresha uimbaji katika shule za Jumapili, na shida iliyomkabili ilikuwa ya walimu: maelfu ya watu wa kufundisha wengine wangetoka wapi, tena watu wasio na piano wala ada? Solfa inahitaji ubao, chaki na koo. Aliyeelewa hatua ya kwanza leo anaweza kukaa na jirani yake kesho.

Wamisionari wakaileta Afrika, ikashika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake leo inabeba "Mungu ibariki Afrika". Kila Taifa Stars wanapopanga mstari kabla ya mechi na sisi tukasimama wima mbele ya televisheni, tunaimba kazi ya mwalimu wa kwaya.

Basi chombo hiki kilichozaliwa ili kuzalisha walimu, sisi tumekigeuza kuwa siri ya mwalimu mmoja. Fungua daftari la mwanakwaya wa kawaida: utakuta maneno ya wimbo, beti zimepigiwa mstari mwekundu, labda alama ya kukumbusha mahali pa kuvuta pumzi. Nota hazimo. Nota ziko kwenye faili la mwalimu, na faili linarudi nyumbani na mwalimu. Wanakwaya wanakaririshwa. "Sauti ya pili, shikeni hii," anaimba, wanarudia, wanashika. Wanashika vizuri sana, sikatai. Kuna akina mama wanaobeba nyimbo mia mbili kichwani bila kukosea neno. Lakini wimbo mpya ukija, wote wanarudi kumtazama mwenye faili.

Baadaye nilihamia mjini nikaimba chini ya mwalimu mwingine, mtu mwenye sauti mbovu kuliko yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mfupi, anayependa kuvaa kandambili mazoezini. Kuna Alhamisi moja siisahau. Besi walikuwa wanashuka kila wanapofika mwisho wa kiitikio, na wakishuka wao kwaya nzima inazama nao. Mwalimu wangu wa zamani angesema, "Besi mnaharibu," na mzee mmoja wa miaka sabini hivi, aliyeimba besi kabla mwalimu hajazaliwa, angechukua kofia yake na asionekane tena. Huyu alisema, "Wazee wangu, hebu nisaidieni. Sauti ya pili hawana pa kuegemea." Akaenda akasimama katikati yao, bega kwa bega na yule mzee, akaimba naye sikioni mara tatu. Mara ya nne akafumba mdomo. Mzee akabaki palepale juu. Ndipo akamgeukia kijana wa sauti ya tatu na kumwambia polepole, "Umesikia walikokuwa wanaponyokea? Jumamosi utawaangalia wewe."

Yalikwisha kwa dakika nne. Katika dakika hizo sikio lilifanya kazi ndogo kuliko zote, maana kwamba besi wameshuka hata watoto waliokuwa wanacheza mlangoni walisikia. Ugumu ulikuwa kumrudisha mzee juu bila kumvunjia heshima mbele ya wajukuu zake, na kumtwika kijana sehemu ya kazi bila kutangaza kwamba anatwikwa. Hiyo nayo ni elimu, na ina hatua zake kama solfa. Nani anaifundisha?

Niliwahi kuhudhuria semina moja ya siku tatu ya walimu wa kwaya. Tuligawiwa kalamu, daftari na mkoba wenye nembo. Siku ya kwanza ilikuwa nadharia ya funguo za muziki. Ya pili, historia ya muziki wa kanisa tangu enzi za Papa Gregori. Ya tatu, baada ya chai, tukaimba saa moja, kisha vyeti na picha ya pamoja. Hakuna aliyesimama mbele ya kwaya ya kweli akakosea mbele ya mtu wa kumrekebisha. Mwenzangu mmoja alinyoosha mkono akauliza afanyeje na mwanakwaya anayetoka nje ya sauti kila wimbo, naye ndiye aliyewanunulia sare. Ukumbi ulicheka. Mwezeshaji naye akacheka, akasema hilo liko nje ya mada. Kwa watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vile, mada ilikuwa hiyohiyo. Tulirudi makwetu tukijua zaidi juu ya funguo zenye sharp tano, ambazo hakuna kwaya ya kigango itakayoziimba, na mfadhili wa sare bado anatoka nje ya sauti.

Manju hakupikwa hivyo. Usukumani vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, kila upande ukijihesabia kwa mkuu wake wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno ngoma mbili huwekwa uwanja mmoja, saa ileile, kila moja upande wake. Hakuna meza ya majaji. Watazamaji wanakwenda wanakopenda, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Manju hupata matokeo yake kwa kutazama migongo ya watu. Ndiyo maana upande mmoja utacheza na nyoka, upande mwingine utarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo, kama wanavyofanya wacheza bugobogobo mpaka leo. Na kijana aliyetaka kuwa manju alimfuata manju msimu baada ya msimu. Alibeba ngoma, aliitikia, aliachiwa wimbo mmoja saa za mwanzo watu wakiwa bado wachache, na alitafutiwa dawa za kuvutia umati. Kuhusu dawa sina la kusema. Kinachonivuta ni ule wimbo mmoja aliouachiwa uwanja ukiwa bado mtupu: pale akiharibu, haharibu ngoma nzima, na mwenye ngoma yuko hatua mbili nyuma yake.

Msidhani natamani zamani. Wako manju walioficha ujuzi wao kama mwalimu wangu alivyoficha faili, na ushindani ule ulizaa chuki na tuhuma ambazo hatuzihitaji kwenye kwaya, zilizopo zinatutosha. Lakini manju alijifunza kazi ndani ya kazi, mbele ya watu walewale atakaowaongoza.

Kanisa lenyewe liliwahi kuliona hili. Pale Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza miaka ya 1950 kuingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, na mashindano ya Bulabo yanayofanyika Juni yakafungamana na sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu wakikutana uwanjani kama kawaida yao. Upande wa Walutheri, mmisionari Howard Olson pale chuo cha Makumira alikusanya tuni za makabila na kuzitia maneno ya Kiswahili. Na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya Desemba 4, 1963, ibara ya 119, inataka hata mmisionari anapofundishwa muziki aandaliwe aweze kuukuza muziki wa jadi wa watu anaowaendea. Mmisionari, mgeni! Leo mwalimu wa kwaya aliyezaliwa Magu na kulala akisikia ngoma anafundishwa kila kitu isipokuwa namna manju wa kijijini kwake anavyoshika watu mia tatu kwa sauti yake peke yake.

Vyuo tunavyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981 na mwaka 2007 kikawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Chuo cha Ualimu Butimba kimefundisha walimu wa muziki kwa miaka mingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makumira vinatoa shahada, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipata chuo chake cha muziki wa nchi za jahazi mwaka 2002, mahali ambapo kijana anaweza kukalia kanuni au udi na mtu wa kumwelekeza. Sina ugomvi na chuo chochote hapo. Vinatoa wapigaji, watunzi na walimu wa darasani, na nchi inawahitaji. Ila anayehitimu mara chache anarudi kigangoni, na huwezi kumlaumu, kwa sababu kigangoni hakuna mshahara. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Mwalimu wa kwaya wa kwao hutunzwa soda na nauli. Kamati hiyohiyo isiyo na fungu la mwalimu utaikuta imechangisha ikanunua mixa na spika mbili ndefu kama milango, kisha inashangaa kwa nini sauti inayotoka humo ni ileile, imeongezwa ukubwa tu.

Na tukishanunua spika tunanunua kinanda cha umeme. Hapa nitawaudhi baadhi ya marafiki. Mpiga kinanda wetu wa kisasa amejifunza kucheza kwenye vitufe vyeupe peke yake. Wimbo ukiwa juu au chini anabonyeza kitufe kimoja, kinanda kinajihamisha chenyewe, naye anaendelea na vidole vilevile. Mdundo umo ndani, amechagua namba. Inasikika vizuri, na kwa harusi ya Jumamosi sina neno. Lakini kwaya inayopewa do na mashine kila wiki haijui tena do inakaa wapi kooni. Umeme ukikatika katikati ya Misa utaona: wanasimama, wanasikilizana kwa hofu, na mwalimu anaangalia waya.

Simu nayo imeingia. Mwalimu anarekodi kila sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp: "Sauti ya pili hiyo hapo, muisikilize mpaka Alhamisi." Kwa nesi anayeingia zamu ya usiku ni msaada wa kweli, na mimi mwenyewe nimejifunza nyimbo nzima nikiwa kwenye daladala. Tatizo linajitokeza Alhamisi yenyewe. Kila mmoja anakuja anaijua yake kama alivyoisikia masikioni, peke yake, na anaiimba hivyohivyo, peke yake, katikati ya watu thelathini.

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja. Katika kila kwaya niliyoimba wanawake walikuwa wengi kuliko sisi, na katika kila kwaya mwalimu alikuwa mwanamume. Si kwamba wanawake hawaongozi muziki. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, mbali na taarabu aliyosifika nayo duniani, alikuwa mwalimu wa unyago: aliwafundisha wari kwa ngoma na nyimbo, na ngoma aliipiga kwa mikono yake mwenyewe hadi uzeeni. Ugogoni ngoma za muheme ni za wanawake, nao ndio wanaozipiga na kuziongoza. Mwanamke huongoza muziki pale uongozi unaporithishwa nyumbani, kati ya shughuli na shughuli, mkubwa akimwachia mdogo kidogokidogo. Anapotea pale tunaposema kiongozi ni aliyekwenda kozi ya miezi mitatu mkoani. Nani atabaki na watoto?

Ndiyo maana nikisikia mradi wa "kujenga uwezo" wa viongozi wa muziki, swali langu la kwanza ni la mahali: mafunzo yatafanyikia wapi? Yakiwa hotelini, najua yatakavyoisha. Ningepewa mimi fedha za semina moja, ningemtafuta mwalimu mmoja wa aina ya yule wa kandambili, nimlipe kwa mwaka mzima azungukie kwaya nne. Asifundishe yeye. Asimame nyuma, karibu na besi, amwachie mwenye kwaya aongoze, kisha wakae kwenye benchi watu wakishaondoka waongee juu ya kilichotokea. Kila kwaya ichague wasaidizi wawili, mmoja awe mwanamke, na nusu saa ya kwanza ya kila Alhamisi iwe yao, waharibu watakavyoharibu. Faili la nota lipelekwe kwenye fotokopi, kila daftari lipate herufi zake, na dakika kumi kila mazoezi ziwe za kusoma mstari mmoja bila kuimbiwa. Mitambo haihitajiki hata mmoja. Yule mwenye kuuliza juu ya mfadhili wa sare atapata jibu humohumo, kwa sababu mfadhili atakuwepo, anaimba.

Na cheti? Cheti kitolewe baada ya mwalimu kusafiri mwezi mzima. Wakaguzi waje Jumapili ya nne. Najua wapo watakaosema ni mtihani wa ajabu, unampima mtu asiyekuwepo. Wanaosema hivyo mara nyingi ni walimu ambao hawajakosa Jumapili hata moja kwa miaka kumi, nao huitaja rekodi hiyo kwa fahari.

Yule mwalimu wa kandambili alihamishwa na serikali kwenda wilaya nyingine, kama walimu wanavyohamishwa, kwa barua ya wiki mbili. Alituaga Jumamosi kwa soda na karanga. Jumapili iliyofuata tulijipanga mlangoni kama kawaida. Hakuna aliyeambiwa chochote. Mama mmoja wa sauti ya pili, mwenye mtoto mgongoni na karatasi ya nota imekunjwa mara nne mkononi, akatoka kwenye mstari akasimama mbele yetu. Akatoa do. Ilikuwa chini mno. Besi walipoingia walikosa pa kwenda, mmoja akakohoa. Akainua mkono akatusimamisha, padre akingoja, kanisa zima likigeuka kutazama. Akacheka kidogo, akamweka mtoto sawa mgongoni, akaipandisha.